Maswali na Majibu: Okidi Ile Ile, Rangi Nyingine

Barua nyingi zilizonifikia hapa Malindi tangu kaskazi ilipokatika zinalalamikia jambo moja, kwamba okidi iliyochanua mara ya kwanza kwa rangi iliyokolea imechanua tena kwa rangi nyingine. Nimeyachagua maswali machache yanayowakilisha mengine.

Okidi yangu ya zambarau, ile yenye majani mapana na maua ya umbo la kipepeo, ilichanua Agosti ikiwa imekolea sana. Mwezi wa Machi imechanua tena, safari hii waridi iliyofifia. Sikubadilisha chungu wala mbolea. Nimekosea wapi? (Mama wa Mambrui)

Huenda hukukosea popote, mama. Rangi za zambarau, waridi na nyekundu katika okidi hutokana hasa na kemikali iitwayo anthosiyanini, ambayo mmea huitengeneza ndani ya tumba kabla ua halijafunuka. Joto huidhuru kazi hiyo kwa njia mbili: hupunguza utengenezaji wenyewe, na huharakisha kuvunjika kwa ile iliyokwisha kutengenezwa. Zaidi ya hayo, usiku wa joto mmea hutumia sukari nyingi kwa kupumua tu, na sukari hiyo ndiyo malighafi ya rangi. Okidi ya aina yako, iitwayo Phalaenopsis, huchukua miezi miwili hadi mitatu tangu shina la maua kuchomoza mpaka ua la kwanza kufunguka; kwa hiyo matumba ya Agosti yalilelewa na kusi, wakati usiku wetu unapopoa kidogo, ilhali matumba ya Machi yalilelewa na kaskazi, wakati hata saa nane za usiku mtu hupepea. Anayetaka kujua sababu ya rangi asiitazame siku ambayo ua limefunguka, bali azihesabu wiki zilizotangulia.

Nami niliwahi kuwa na shaka kama rangi hubadilika kweli, kwa kuwa macho husahau, na kamera ya simu ni shahidi mbaya wa rangi ya zambarau, ambayo mara nyingi huigeuza buluu. Nikachukua leso mpya isiyofuliwa, ambayo pindo lake lililingana kabisa na ua la Agosti, nikaihifadhi kabatini. Ua la kaskazi lilipofunguka niliishika leso kando yake, na tofauti ilikuwa kama ya leso hiyo na nyingine iliyoanikwa juani mwaka mzima.

Malindi hatuwezi kuigeuza Limuru, lakini tunaweza kuusaidia mmea. Mara shina la maua linapochomoza, uondoe karibu na ukuta unaopigwa na jua la alasiri, kwa sababu ukuta huo huendelea kutoa joto usiku, na usiuweke chini ya bati tupu. Utafutie mahali penye upepo wa usiku na mwanga mwingi uliochujwa, mathalani chini ya mwembe au kando ya kivuli cha makuti, na jioni nyunyizia sakafu maji. Mwanga nao usiuonee choyo, kwani okidi iliyofichwa gizani hukosa sukari na maua yake hupauka, ingawa jua kali la mchana huunguza majani na kuzichujua petali.

Mbona ya jirani yangu, iliyo ya njano, haibadiliki? (Msomaji wa Watamu)

Njano nyingi za okidi hutokana na karotenoidi, ndugu zake rangi ya karoti, na hizo huvumilia joto kuliko anthosiyanini. Ua la njano lenye madoa mekundu laweza basi kubaki na njano yake huku madoa yakipungua.

Nilinunua okidi ya buluu iliyoiva, nikaisafirisha hadi Lamu kwa uangalifu mkubwa. Sasa imechanua nyeupe pe! Nimeambiwa ni maji ya huku. (Msomaji wa Shela)

Maji ya Shela hayana hatia hapa. Okidi nyeupe za Phalaenopsis hutiwa rangi kwa kupenyezewa wino katika shina la maua, na mara nyingi tundu dogo la sindano huonekana, pengine limezibwa kwa nta. Wino huo huishia katika maua yale yale. Shina jipya huleta weupe wa asili. Mmea wako ni mzima, na weupe ndio sura yake halisi. Muuzaji asiyesema hivyo mapema, kwa maoni yangu, amemdanganya mteja.

Nimeshauriwa nizike misumari yenye kutu katika chungu ili rangi irudi. Ni kweli? (Maalim, Malindi)

Si kweli, Maalim. Inaelekea ushauri huo umetoka kwa haidranjia, ua la nyanda za baridi ambalo hugeuka buluu au waridi kulingana na uchachu wa udongo. Hata huko kinachofanya kazi ni alumini, si chuma. Okidi nyingi tunazozipanda vyunguni kwa asili huishi juu ya miti, na mizizi yake hushika makumbi na mkaa, haihitaji udongo. Linalostahili hofu ni chumvi ya maji ya kisima, ambayo huiunguza mizizi, na mmea usio na mizizi huleta maua madogo na dhaifu. Kinga maji ya mvua uyatumie kumwagilia.

Petali za okidi yangu zimetoka na michirizi, sehemu zimekolea na sehemu zimepauka, bila mpango. (Msomaji wa Malindi)

Hili ni jambo jingine kabisa. Joto hufifisha ua lote kwa usawa zaidi. Michirizi na mabaka yasiyo na mpango, hasa kama majani nayo yana alama, huweza kuwa dalili ya virusi. Hakuna dawa. Utenge mmea huo leo, na mkasi uliotumika uupitishe motoni kabla haujagusa mmea mwingine. Dalili zikijirudia katika uchanuaji unaofuata, uchome moto, hata kama moyo unauma.

Karibu na Gede nimeona mafungu mawili ya okidi ya chui juu ya miti, moja lina madoa mengi ya kahawia na jingine karibu ni njano tupu. (Kijana wa Gede)

Hiyo ni Ansellia africana, na hayo ni mimea miwili iliyoota kwa mbegu tofauti, yenye urithi tofauti. Hali ya hewa huamua rangi ifike wapi ndani ya mipaka iliyowekwa na urithi. Haimgeuzi mmoja kuwa mwingine. Uiache mitini. Okidi zote zimo katika mkataba wa CITES wa biashara ya viumbe vilivyo hatarini, na iliyobanduliwa mtini mara nyingi hufa.

Ua la okidi yangu ya aina ya Vanda limebadilika ndani ya wiki moja tu. Lilianza hafifu, likakolea, sasa limeanza kusinyaa. (Mama wa Lamu)

Kukolea ni kawaida, kwani ua la Vanda huendelea kukua na kuongeza rangi siku kadhaa baada ya kufunguka. Kusinyaa mapema kuna sababu yake. Barua yako inasema chungu kipo mezani, kando ya kikapu cha maembe. Maembe yanayoiva hutoa gesi ya ethilini, ambayo huzeesha maua upesi. Kihamishe kikapu.