Jibu: Lux na Hollow, nimpe nani ushindi?
Salama mkuu. Umekwama kwenye pambano la kurap la Loaded Lux na Hollow Da Don, katika URL, ligi ya Marekani ya mapambano ya rap, 2014: wote mafundi wa mistari, na humuoni mshindi.

Achana na hisia ya pambano zima. Hukumu raundi moja moja, zote tatu, uandike kabla hujasoma maoni ya watu. Anza kuangalia nani alikwama au kujikanyaga. Halafu fumba macho, usikilize tena, maana pale hakuna biti na kelele za ukumbi zinadanganya. Fumbo la Lux laweza kupita kimya, ukalishtukia kesho yake ndani ya daladala! Mimi natilia uzito majibu ya papo kwa papo kwa mistari ya mpinzani, na Hollow anasifika kwa hayo. Raundi ya pili bado nabadilisha mawazo kila nikiirudia.