Maswali ya Wasomaji: Kabureta za MGB, za kiwandani au za kuokoteza?

SWALI: Habari za kazi, mafundi. Kuna MGB ya 1966, gari dogo la michezo la Kiingereza, nataka kuinunua, imekaa bandani miaka mingi. Namba ya injini inaanza na 18GB. Muuzaji anaapa kabureta zote mbili zimetoka nayo kiwandani. Fundi wangu kazitazama, akaguna tu. Nitahakikishaje kabla sijatoa hela?
Msomaji, Area D, Dodoma

JIBU: Fundi akiguna, msikilize. MGB ya mwaka huo ilitoka Abingdon, Uingereza, na kabureta pacha za kampuni ya SU, aina ya HS4. Ukikuta kabureta ya kampuni nyingine, kama Weber moja, au Zenith-Stromberg iliyofungwa kwenye MGB za soko la Marekani kuanzia 1975, hakuna mjadala, zimebadilishwa. Ukikuta SU mbili ndipo kazi inaanza, maana ndugu zake ni wengi na wanafanana.

Tazama bakuli la mafuta. La HS4 liko ubavuni, na kijibomba laini kinatoka chini yake kwenda kwenye jeti, kitundu kinachotoa petroli. Kama pembeni hakuna bakuli, limejificha chini ya bodi ya kabureta, hiyo ni HIF4 ya MGB za miaka ya 1970. Kisha omba ruhusa ya kuzitoa, upime kwa vernia (kipimo cha kupimia upana) tundu la upande wa kipepeo, kile kibati kinachofungua na kufunga njia ya hewa. HS4 ni inchi 1½, yaani milimita 38. Ukisoma 32 hivi, hiyo ni HS2 ya magari madogo kama Mini. Ikikaribia 44 ni HS6.

Hapo umejua aina tu. HS4 zilifungwa magari mengi ya Kiingereza, kwa hiyo tafuta kibao. Ni kipande chepesi cha alumini kinachobanwa na skrubu mojawapo ya mfuniko wa bakuli. Kwa 18GB tunategemea AUD 135, ya mbele ikiwa na herufi F na ya nyuma R. Namba zikitofautiana, jozi hiyo imeunganishwa mtaani. Vibao visipokuwepo, usimhukumu muuzaji haraka: fundi akifungua mfuniko kusafisha, kibao huanguka na hakuna anayekiokota. Na kibao king'aavu juu ya kabureta iliyochakaa kitiliwe shaka, kwani vipya vinauzwa.

Ushahidi mwingine uko ndani. Chora alama kwenye kuba (kofia ya juu ya kabureta) na bodi, toa kifuniko cha juu chenye kijiti cha oili, fungua skrubu tatu, inua kuba wima. Utaona springi, ya MGB hii ina rangi nyekundu kwenye mzunguko wa mwisho. Toa pistoni, legeza kiskrubu cha ubavuni, vuta sindano inayoingia kwenye jeti, usome alama kwenye shina lake: 5. Ukikuta nyingine, usikate tamaa. Dodoma iko mita 1,100 hivi juu ya usawa wa bahari, hewa ni nyepesi, mchanganyiko huelekea kuzidi petroli, na huenda mtu alibadili sindano kwa sababu hiyo. Bodi bado inaweza kuwa ya kiwandani.

Kuba na pistoni zake zimepimwa pamoja, kwa hiyo usichanganye za mbele na za nyuma. Zikichanganywa, pistoni hukwama au hupitisha hewa pembeni, na gari halitulii hata urekebishe siku nzima. Ukirudisha, sindano ikae bega lake likiwa sawa na uso wa chini wa pistoni. Inua pistoni kwa kidole kabla hujaweka oili, iachie: lazima isikike "ta!" ikigonga chini. Ikishuka kwa kusita, mara nyingi ni vumbi letu hili. Futa kwa petroli na kitambaa, msasa usiuguse.

Mwisho tikisa ekseli ya kipepeo. Ikicheza, inavuta hewa na vumbi, na tundu litahitaji bushi mpya. Hiyo gharama ikatwe kwenye bei, hata kama vibao vyote viwili vinasoma AUD 135.