Ganda la risasi kung'ang'ania kwenye chemba ya bunduki mpya ya .308

Kaka, kama risasi inaingia vizuri lakini ukishafyatua bolti (chuma kinachofunga chemba, yaani tundu la mtutu risasi inapokaa) inagoma kufunguka, chukua ganda lililotoka ulitazame juani. Risasi ikilipuka, shaba ya ganda hutanuka na kubana ukuta wa chemba, kwa hiyo kila mkwaruzo ulioachwa na kekee ya kiwandani hujichapa kwenye ganda. Ukiona miduara au mistari inayojirudia sehemu ileile kwenye kila ganda, chemba haikumaliziwa vizuri.

Ila kama fataki (viwashio vidogo vya kitakoni mwa ganda) zimebapa kabisa na kitako cha ganda kina alama ya kung'aa, hiyo ni presha kubwa. Acha kupiga, hasa kama risasi umejaza mwenyewe.

Kabla ya yote, hakikisha bunduki haina risasi, sugua chemba kwa brashi ya shaba na dawa, kisha ikaushe. Grisi ya kiwandani nayo husumbua. Ikiendelea, irudishe dukani maadamu ina waranti. Msasa na drili ya nyumbani hapana: ukizidisha unapanua chemba, na ulaini wa kioo huongeza mzigo kwenye bolti. Fundi bunduki mwenye leseni ataisugua chemba kidogo tu.