Laini mbili kwenye kompyuta moja

Kazi yangu ni kuhariri video za harusi hapa Lubumbashi, na wateja wangu wengi wana ndugu Ubelgiji wanaotaka kuiona sherehe kabla maua hayajanyauka. Faili la gigabaiti 6, likipandishwa mtandaoni kwa laini ya intaneti yenye megabiti 4 kwa sekunde, huchukua zaidi ya saa tatu, nayo ni hesabu ya siku ambayo umeme haukukatika. Ndiyo maana nilifikiria kutumia laini mbili kwa pamoja.

Nilianza kwa kosa: nilinunua kadi ya pili ya simu (SIM), ya kampuni ileile ya modemu yangu. Modemu niliiunganisha kwa Wi-Fi, simu yenye kadi mpya nikaiunganisha kwa kebo ya USB na kuifunga kwenye nondo za dirisha, nikakaa kusubiri maajabu. Kompyuta ilionyesha kwamba zote mbili zimeshika mtandao, lakini nilipofungua dirisha la Windows linaloonyesha mwendo wa kila laini, mchoro wa modemu ulikuwa ukipanda na kushuka huku ule wa simu umelala chini kabisa. Sababu ni kwamba Windows huipa kila njia namba iitwayo metriki, na mizigo yote ya data huipeleka kwenye njia yenye namba ndogo. Nyingine hubaki akiba. Nilijaribu kuzipa namba sawa, matokeo yakawa ya kubahatisha.

Baadaye nilipata programu ya kugawanya mizigo. Hii hugawa miunganisho, yaani mawasiliano ambayo kompyuta hufungua na tovuti au seva, haigawi faili, na tofauti hiyo ndiyo iliyonipotezea wiki mbili. Ukipakua kwa programu inayokata faili vipande vingi, kila kipande chaweza kupita laini yake, na mwendo huongezeka kweli. Lakini video yangu ilikuwa ikipanda kwa muunganisho mmoja tu, kwa hiyo ilipita laini moja kama zamani. Tena tovuti ya benki ilikuwa ikinitoa nje mara kwa mara, kwa kuwa iliniona nikija kwa anwani mbili za IP, yaani namba zinazoitambulisha kila laini mtandaoni.

Kuunganisha kwenyewe, yaani kuzifanya laini mbili ziwe kama moja, kunahitaji seva (kompyuta ya mtandaoni) upande wa pili, ambayo huvipokea vipande vilivyopita njia mbalimbali na kuvipanga upya kabla ya kuvipeleka vinakokwenda. Programu ya Speedify hufanya hivyo kwa malipo. Anayeijua Linux, mfumo endeshi wa kompyuta, anaweza kukodi seva na kutumia programu ya OpenMPTCProuter, inayotegemea MPTCP, teknolojia ya kutumia njia kadhaa kwa muunganisho mmoja, iliyoingizwa rasmi kwenye kiini cha Linux toleo la 5.6, mwaka 2020. Chagua seva iliyo karibu. Kwetu huku, ya Afrika Kusini ikipatikana, usikimbilie ya Ulaya.

Nilipofika hapo nilikuwa nimekwisha kubadili kadi ya pili nikachukua ya kampuni nyingine, kwani kadi mbili zinazotegemea mnara mmoja hugombania nafasi ileile, hasa jioni mtaa mzima unapokuwa kwenye simu. Laini ya megabiti 4 na ya megabiti 3 zilinipa kama megabiti 6, si 7, kwa sababu upangaji wa vipande nao una gharama yake. Pia laini inayosuasua sana huivuta nyuma iliyo na kasi. Mara mbili nimelazimika kuichomoa simu ili mwendo urudi. Mega nazo huliwa pande zote mbili, na kifurushi cha mwezi kinaweza kuisha kabla ya tarehe 15.

Kabla ya kununua chochote, azima kadi ya jirani, upime kila laini peke yake saa ileile unayofanya kazi, kisha angalia kama kazi yako ni ya miunganisho mingi au ya mmoja. Mimi sasa naunganisha mchana tu, mteja anapokuwa ameketi sebuleni akisubiri. Mafaili mengine nayapandisha saa kumi alfajiri kwa modemu peke yake, na simu naiacha ikichaji.