Mkuu, acha kumpima mwanao kwa pipi. Mimi nimeshapita huko

Mkuu, mpe mtoto pipi aile, tena leo. Nimesoma bandiko lako mara mbili na limenichoma, kwa hiyo utanisamehe nikiruka salamu. Unasema kijana wako ana miaka 5, umemwekea pipi moja mezani na kumwambia akivumilia dakika 15 atapata mbili, naye kaila kabla dakika 2 hazijaisha. Sasa umemwahidi baiskeli akimaliza siku 30 bila kususa wala kujigaragaza, na unatuuliza kama umpeleke kwenye kile kituo cha "nidhamu ya ndani" cha laki 3, kama fimbo inasaidia, kama TV izimwe kabisa, na kama aanze darasa la kwanza mwakani au asubiri. Katika yote hayo, kilichonishtua ni baiskeli. Hiyo baiskeli unayo?

Mimi sikuwa nayo.

Mwaka 2019 nilikwenda kwenye semina ya malezi, kiingilio elfu 50. Mhamasishaji akatuambia wanasayansi wa Marekani wamegundua namna ya kujua hatima ya mtoto kwa pipi moja tu: anayesubiri atakuwa bosi, anayekula atakuwa mzigo kwa ndugu zake. Niliyaandika hayo neno kwa neno na daftari bado ninalo. Ukumbi mzima tulipiga makofi. Jumapili hiyohiyo nikamkalisha mwanangu mezani.

Nyumbani hatukuwa na pipi, palikuwa na maandazi. Nikaweka moja kwenye kisosi, nikajibanza nyuma ya pazia la mlango, simu mkononi inahesabu. Mtoto akakalia mikono yake. Akainama akalinusa. Akaligusa kwa kidole kimoja, akalamba kidole, akageukia ukuta, akarudi. Dakika ya 4 akamega kipande upande wa chini, ule usioonekana, akalilaza andazi kama lilivyokuwa. Leo nikikumbuka namwona mtoto aliyekuwa anapambana kwa akili zake zote. Siku ile niliona mzigo.

Nikawa narudia kila Jumapili. Ya tano akasubiri. Dakika 15 kamili, macho kayafumba, anaimba wimbo wa chekechea kwa sauti ya chinichini. Nikatoka nyuma ya pazia na furaha yangu, nikaenda jikoni kuchukua andazi la pili, nikakuta bakuli tupu: mjomba wake alipita asubuhi akanywea chai. Nikamwambia, "Nitakupa kesho, baba." Kesho nikasahau. Kesho kutwa akaniuliza, nikamwambia aache usumbufu.

Hilo labda lingepita. Lililomvunja ni baiskeli. Nilimwambia kama wewe ulivyomwambia wako: siku 30 bila kujigaragaza, mwisho wa mwezi nakuletea ile nyekundu uliyoiona dukani. Mama yake akanivuta pembeni akauliza, "Hela ipo?" Nikamjibu Mungu atatoa. Mtoto akaokota kipande cha mkaa, akawa anachora mstari mmoja ukutani kila jioni kabla ya kulala, pale karibu na mlango wa jikoni. Kuna siku alianguka uani akachubuka goti, damu inamtoka, akabana mdomo mpaka kidevu kikawa kinatetemeka, lakini hakutoa sauti. Alidhani kulia kokote kunafuta mstari. Mkuu, mtoto wa miaka 5 alikuwa anajizuia kuliko watu wazima ninaowajua, na mimi baba yake nilikuwa natafuta dalili kwamba hawezi kujizuia.

Akafikisha mistari 30. Wiki hiyo mwenye nyumba akataka kodi ya miezi 6 na hela yote ikaishia hapo. Nikamwambia tutanunua mwezi ujao. Hakulia. Akasema, "Sawa, baba," akaenda akachukua kitambaa cha kudekia, akakilowesha, akaanza kufuta mistari yake. Mkaa hautoki vizuri kwenye chokaa. Doa lilibaki pale mpaka tulipohama.

Kuanzia hapo nyumba ikabadilika. Chakula kikitengwa anakula kwa pupa kama anakimbizwa. Usiku tunamkuta na kopo la sukari. Mia tano mia tano zikaanza kupungua kwenye suruali yangu. Shuleni mwalimu akasema hawezi kungoja zamu yake hata kwenye bembea. Ukimwambia "subiri kidogo", uso wake unafunga kama dirisha. Nikampigia yule mhamasishaji, akasema utashi ni msuli na wa mwanangu umelegea, akaniuzia daftari la mazoezi elfu 35. Nikaongeza majaribio, nikaongeza na fimbo. Miezi 8 nzima. Sijawahi kumsamehe mtu yule, kwa sababu alikuwa anauza kitu ambacho hakukisoma hata kurasa mbili, na wanaonunua ni wazazi wenye hofu.

Tuliyapata maelezo kliniki, kwa mama mmoja mtaalamu wa saikolojia tiba. Hakumpima mtoto kwa kitu chochote. Alicheza naye mkekani nusu saa, kisha akanigeukia: "Baba, mara ya mwisho ulimwahidi nini, na ulimpa lini?" Nilitafuta kichwani jambo la kumjibu. Sikupata hata moja.

Ndipo akanieleza jambo ambalo ningelisikia kwenye ile semina, nisingefika pale. Mwaka 2013 watafiti wa Chuo Kikuu cha Rochester huko Marekani, Celeste Kidd na wenzake, walichukua watoto 28 wa miaka 3 mpaka 5. Kabla ya jaribio la pipi, kila mtoto alipewa kazi ya kupamba kikombe, akaahidiwa kwamba akisubiri kidogo ataletewa vifaa vizuri zaidi. Nusu yao waliletewa kweli. Nusu nyingine mtu mzima alirudi mikono mitupu, akaomba radhi, vimekwisha. Baada ya hapo ndipo ikaja pipi. Waliotimiziwa ahadi walisubiri kwa wastani wa dakika 12. Walioangushwa, dakika 3. Katika 14 waliotimiziwa, 9 walifika dakika 15 zote. Katika 14 walioangushwa, mmoja tu. Watoto wa aina moja, umri uleule, chumba kilekile. Tofauti ni kama mtu mzima aliyewaambia "subiri" alikuwa ametimiza neno lake dakika chache nyuma.

Soma tena hapo, mkuu. Penseli za rangi na stika tu, ndani ya nusu saa, zilitosha kumbadilisha mtoto. Mimi nilitumia baiskeli na siku 30.

Kwa hiyo mtoto anayekula pipi dakika ya 2 huenda hana upungufu wowote wa kujidhibiti. Huenda amepiga hesabu yake vizuri: hapa kwetu kilichopo mkononi ndicho changu, cha baadaye hakiji. Mwanangu aliyekuwa anaiba sukari usiku alikuwa anafuata somo nililomfundisha mwenyewe.

Hilo jaribio la pipi lenyewe nalo lina historia ambayo hao wauza semina hawaisemi. Walter Mischel alilifanya kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1960 kwenye chekechea ya ndani ya Chuo Kikuu cha Stanford, kwa hiyo wengi walikuwa watoto wa wahadhiri na wanafunzi wa pale. Alichokuwa anatafuta ni mbinu: mtoto anafanya nini kichwani ili aweze kungoja. Aligundua kwamba kinapofunikwa kile kitu, au mtoto akiwaza mambo mengine ya kufurahisha, anasubiri muda mrefu zaidi. Yale ya kutabiri maisha yalikuja baadaye walipowafuatilia baadhi yao. Mwaka 2018 Tyler Watts na wenzake wakaangalia watoto zaidi ya 900 wa familia za hali mbalimbali. Uhusiano kati ya kusubiri na ufaulu wao wakiwa na miaka 15 ulikuwa karibu nusu ya ule wa zamani, na walipoingiza kwenye hesabu hali ya nyumbani na uwezo wa mtoto wa awali, ukapungua tena kwa theluthi mbili. Mwaka 2024 wakatoa matokeo ya watoto hao wakiwa na miaka 26: dakika za pipi hazikutabiri kwa uhakika maisha yao ya ukubwani.

Na ule "msuli wa utashi" wa daftari la elfu 35? Ulianzia kwenye jaribio la 1998 ambamo watu walikatazwa biskuti za chokoleti wakapewa figili, kisha wakakata tamaa mapema kwenye mafumbo. Mwaka 2016 maabara 23 zikalipima tena wazo hilo kwamba utashi huchoka ukitumika, kwa zoezi lingine, kwa watu zaidi ya 2,000, na zikakuta karibu hakuna kitu.

Sisemi kujidhibiti ni porojo. Kule Dunedin, New Zealand, wamewafuatilia watoto 1,037 waliozaliwa 1972 na 1973, na waliojimudu vizuri utotoni walikuwa na afya na kipato bora walipofika miaka 32. Lakini angalia walivyowapima: wazazi, walimu, watazamaji na watoto wenyewe, tangu miaka 3 mpaka 11. Miaka 8 ya kumtazama mtoto. Wewe umemtazama wako dakika 2.

Mama yangu mzazi, ambaye hajui jina la mtafiti hata mmoja, alikuwa akimfundisha mwanangu kusubiri kila asubuhi mbele ya macho yangu na mimi sioni. Uji ukiepuliwa unachoma. Anamwambia mjukuu, "Nichambulie mchele huu, ukimaliza sahani hii uji umepoa." Mtoto anatoa mawe moja moja, anayapanga ukingoni mwa ungo, anahesabu. Akimaliza, uji upo. Hata siku moja hakukosekana uji. Nilipokuja kusoma kuhusu watoto wa Wanso, wakulima wa Kameruni, nilimkumbuka yeye. Utafiti huo ulitoka 2018: watoto wa miaka 4 waliwekewa kitumbua cha kwao kinachoitwa pafu-pafu, na karibu asilimia 70 walisubiri cha pili, wakati kwa watoto wa Ujerumani waliowekewa vitamutamu vyao ni kama asilimia 28. Wanso wengine walisinzia palepale kwenye kiti. Hao nani aliwalipia laki 3?

Fimbo, kwa ufupi. Kuna utafiti wa 2011 uliolinganisha shule mbili za Afrika Magharibi, moja inachapa na nyingine haichapi. Kufika darasa la kwanza, wa shule inayochapa walikuwa nyuma kwenye mazoezi yaleyale ya kujizuia na kubadili kanuni kichwani. Mimi yangu niliivunja nikawashia jiko.

Kurekebisha kulichukua zaidi ya mwaka. Yule mtaalamu alinipa sharti moja: usiahidi kitu ambacho hakipo tayari ndani ya nyumba au mfukoni. Kikiwa hakipo, nyamaza. Basi nikaanza na vidogo mpaka naona haya: "Nikimaliza kunawa nakuja kukubeba," nanawa, naenda, nambeba. "Saa 12 nitakuwa nimerudi," narudi, hata kwa bodaboda. Mwezi wa kwanza alikuwa ananitazama tu. Wa tatu akaanza kunijaribu, ananiagiza chungwa halafu anasimama mlangoni kuangalia mfuko kabla ya kunisalimia. Sukari ikaacha kupungua yenyewe, hatukuifungia kabatini. Siku hizi ahadi zangu anazitunza kichwani kama mwenye genge anavyotunza madeni, na dada yake mdogo akilia kwamba baba kachelewa, yeye ndiye anayemwambia, "Atakuja, kasema."

Baiskeli nilinunua 2021, ya mtumba, kijani, maana nyekundu haikupatikana. Niliiingiza uani bila kumwambia lolote kabla. Akaizunguka, akashika kengele, akaniuliza, "Nimefanya nini?" Nikamwambia hujafanya chochote, ni yako, nakuomba msamaha. Akapiga kengele mara moja, akaniuliza kama anaweza kuipanda sasa hivi au asubiri.

Ya TV na darasa la kwanza wataalamu wengine humu watakusaidia. Laki 3 usipeleke kule. Kama ndiyo hela iliyopo, kanunue baiskeli Jumamosi hii, siku ya 30 isingojwe, na usimnyime hata akijigaragaza Ijumaa. Kama haipo, kaa naye leo jioni umwambie baba alisema kitu ambacho hana, halafu mpe hapohapo kidogo kilichopo, hata kama ni kumbeba mgongoni mpaka dukani na kurudi.

Na ukirudi hapa jukwaani nijibu hili: siku ile ya jaribio, ile pipi ya pili ilikuwepo nyumbani, au ulipanga uende kuinunua kama angeshinda?