Cheti kipo kabatini, kazi nilifundishwa na Babu

Miaka kadhaa nyuma nilikuwa msaidizi wa stoo kwenye godauni moja barabara ya Nyerere, Dar, ile ambayo wazee bado wanaiita Pugu Road. Kampuni siitaji. HR wakatupeleka semina ya siku tatu hotelini, mambo ya kusimamia stoku, projekta, chai ya saa nne na sambusa, posho mkononi, na cheti chenye jina langu limekosewa herufi moja. Sambusa zilikuwa poa kwa kweli. Ila Jumatatu nimerudi kazini hakuna hata mtu aliyeniuliza umejifunza nini, na baada ya wiki mbili hata mimi ningeulizwa ningebaki natoa macho tu.

Aliyenifundisha stoo ni mzee mmoja tulikuwa tunamwita Babu, hana cheti hata cha kusingiziwa. Asubuhi moja akanipeleka kwenye palati ya sabuni, zile katoni zinazopangwa juu ya jukwaa la mbao, akasema hesabu. Nikapiga fasta, nane kwa tano kwa sita, katoni 240, nikaandika kwenye kadi. Babu hakusema kitu, akapanda palati la jirani, akaanza kubonyeza zile za juu katikati moja moja, ya tatu ikazama. Tukashusha zote jasho linatutoka, ndani kuna shimo, katoni nne hazipo, wapakiaji wamejenga kuta pembeni wakafunika juu. "Mjukuu wangu, wewe umehesabu ukuta." Basi.

Kwa hiyo ushauri wangu, usikae unasubiri HR wakupangie mafunzo, mtafute Babu wa hapo kazini kwako, yupo, mara nyingi ni yule anayeitwa kila kitu kikikwama. Na usimwendee na "naomba unifundishe kazi", atakuambia sawa halafu hutamuona tena, mwambie kitu kimoja na saa yake. Mimi nilikuwa natoka Mbagala alfajiri nafika saa moja, magari ya kupakia yanaanza saa mbili, hiyo lisaa limoja katikati ndio ilikuwa darasa langu, ada yake chai na chapati mbili.

Halafu kuna hili la hela. Ukiomba kozi bosi anakujibu "sisi tunalipa SDL tayari", yaani tozo ya kuendeleza ujuzi. Hakudanganyi, mwajiri mwenye wafanyakazi kuanzia 10 anailipa, inapigwa kwa asilimia ya mishahara, Julai 2023 ilishushwa kutoka 4 hadi 3.5, na hakukati wewe, inatoka kwake. Lakini inakwenda TRA, mamlaka ya mapato, sio bajeti yako ya kozi, hayo ni mambo mawili tofauti kwa hiyo omba tu, kwa maandishi, taja kozi, bei, na kazi gani utaifanya tofauti ukirudi. Hicho cha mwisho ndicho kilichofanya mimi nikubaliwe Excel mara ya pili, mara ya kwanza niliandika "kujiendeleza" tu nikapigwa chini.

Kama ujuzi unao tayari ila karatasi huna, VETA, wale wa vyuo vya ufundi stadi, wana utaratibu wa kurasimisha ujuzi, wanakupima unachojua, unapewa mafunzo ya pale ulipopungukiwa, unapata cheti. Fundi wetu wa gereji alibisha sana kwamba yeye sio mtoto wa shule, nikamwambia nenda chuo chao cha Chang'ombe ukaulize tu, kuuliza bure.

Sasa hivi mimi ndio supavaiza, na anayetoka semina Jumamosi hiyo hiyo anasimama sehemu ya kupakilia anatufundisha dakika 20. Wanalalamika, wacha walalamike. Ninachojutia ni kwamba Babu alistaafu akarudi Mkuranga hatujamuweka hata siku moja asimame pale mbele. Wiki iliyopita stoku ya mafuta ilikataa kubalansi nikampigia simu, hata salamu hatujamaliza ananiuliza, "Umebonyeza juu?"

Sikuwa nimebonyeza.