Jibu: Uchanjaji wa Penta 3 kusoma 127% kwenye DHIS2

Habari ndugu. Nimekuelewa: kwenye DHIS2 (mfumo wa kompyuta wa takwimu za afya) kata yako inasoma Penta 3, yaani dozi ya tatu ya chanjo ya watoto inayokinga magonjwa matano, kwa 127% ya walengwa, na unaulizwa watoto wa ziada wametoka wapi.

Anza na walengwa, yaani idadi ya watoto wanaokadiriwa kustahili chanjo, ambayo asilimia hugawanywa kwayo. Kama makadirio bado ni ya sensa ya 2012 wakati ya 2022 ipo, huenda kata imekua na mfumo haujui. Kwangu tatizo lilikuwa hilo.

Kisha linganisha Penta 1 na Penta 3. Dozi hizi hutolewa wiki ya 6, 10 na 14, kwa hiyo kwa mwaka mzima Penta 3 ikizidi Penta 1, shuku ujazaji. Chukua rejista ya MTUHA (vitabu vya kumbukumbu vya kituo cha afya) ya mwezi mmoja, hesabu kwa kidole, ulinganishe na fomu iliyoingizwa. Inachosha, lakini ndipo utakapoona tarakimu iliyoongezwa au dozi za kata jirani.

Tafadhali usipunguze namba ifike 100 ili kikao kipite. Huenda kuna mtoto asiyechanjwa anayefichwa na asilimia hiyo. Sijaona rejista zako; ukishahesabu, weka hapa namba za Penta 1 na 3 tuziangalie pamoja.